"Imeandikwa wapi?" Biblia, Mapokeo na mamlaka ya kanisa kule Ngara na Biharamulo

Hapa kampasi tumemaliza wiki ya semina, usingizi ni wa kuibia, lakini kuna ishu moja imenikaa kichwani nikaona niiandike kabla haijapoa. Bwenini kwetu ubishi wa dini hauishi. Mlokole anauliza: "Kuombea marehemu imeandikwa wapi?" Mkatoliki naye anamrudishia: "Na orodha ya vitabu vya hiyo Biblia yako, imeandikwa wapi?" Basi hapo ni kelele mpaka saa sita usiku.

Mimi nasoma historia, kwa hiyo nikaona bora nifuatilie swali hili lilifikaje kwetu. Kule Ngara na Biharamulo hili si suala la vitabuni tu. Linagusa nani aoe wapi, mtoto abatizwe wapi na mzee azikwe kwa sala zipi. Wilaya ya Ngara peke yake ina hospitali ya Wakatoliki Rulenge na ya Waanglikana Murgwanza. Watu wanapanda daladala moja, wanauziana ndizi na maharage, Jumapili ikifika kila mtu na njia yake.

Tuanze Ulaya, kwa haraka. Mwaka 1519 kule Leipzig, Martin Luther alibanwa kwenye mdahalo akasema hata mitaguso ya kanisa inaweza kukosea. Mwaka 1521 mbele ya Kaisari huko Worms akakataa kufuta maandishi yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Mtaguso wa Trento ukajibu mwaka 1546: kweli ya Injili imo katika vitabu vilivyoandikwa na katika Mapokeo yaliyotoka kwa mitume, na mwenye haki ya kuamua maana ya Maandiko ni Kanisa. Waanglikana wakaweka msimamo wao katika Ibara 39 za mwaka 1571. Ibara ya 6 inasema lisilosomeka katika Maandiko wala kuthibitishwa nayo, mtu asilazimishwe kuliamini ili aokoke. Ila tuangalie na ya 20: kanisa lina mamlaka katika mabishano ya imani, mradi lisiamue kinyume cha Maandiko. Kwa hiyo jamani, anayesema Waprotestanti wote hawana habari na mamlaka ya kanisa hajasoma vizuri.

Sasa Kagera. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Kashozi mwaka 1892 wakitokea Uganda. Utaratibu wao, uliowekwa na Kardinali Lavigerie, ulikuwa ukatekumeni wa miaka minne. Mtu alikariri katekisimu, akapimwa maisha, ndipo akabatizwa. Imani ilipokewa kwa mdomo, kwa sala na kwa mwalimu aliyetumwa. Mnaona hapo Mapokeo yanavyofanya kazi hata bila mtu kuyataja jina.

Kwa upande wa Waprotestanti, mwanzo wenyewe unavutia. Hakuna mzungu aliyeanza. Wahaya waliosoma Buganda, Andrea Kajerero akiwa mmoja wao, walirudi na Biblia ya Kiganda, ambayo ilitimia mwaka 1896, wakawa wanakusanyika na kusoma. Mchungaji Ernst Johanssen wa misioni ya Bethel alipofika mwaka 1910 alikuta wasomaji wapo tayari. Hapo ndipo ulipo mzizi wa kanisa la Kilutheri la Kaskazini Magharibi. Kwao Kitabu kilitangulia, kiongozi akaja baadaye.

Ngara ikapata moto mwingine. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misioni ya Kianglikana alipokuwa Dk. Joe Church pamoja na Waafrika kama Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi. Ukavuka mipaka. Mkulima asiye na cheo alisimama na Biblia mkononi, akaungama dhambi zake hadharani, halafu akamwambia mchungaji wake naye atubu. Fikiria hiyo! Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, William Nagenda akiwemo. Swali lilikuwa lile lile la Luther, ila safari hii waliulizwa viongozi wa Kiprotestanti: nani ana neno la mwisho, aliyewekewa mikono au aliyeguswa na Neno?

Pamoja na hayo, walokole wengi walibaki ndani ya Kanisa la Anglikana, na mwaka 1985 ikaundwa Dayosisi ya Kagera, makao yake Murgwanza. Na uamsho wenyewe ukajenga mapokeo yake: jinsi ya kutoa ushuhuda, wimbo wa kuitikia ndugu akiungama, mambo ambayo aliyeokoka hagusi. Mengi hayana mstari wa Biblia unaoyaagiza. Ni desturi ya wazee wa wokovu, inarithiwa. Hata ubatizo wa watoto wachanga: Waanglikana na Walutheri wanabatiza, Wapentekoste wanakataa, na wote wanashika Biblia. Wakatoliki wanapenda sana hoja hii, na sioni jibu jepesi.

Ila tusiwape Wakatoliki ushindi wa bure. Miaka mingi Mkatoliki wa kawaida alijua katekisimu kuliko Injili, Biblia ikawa kitu cha padri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati juu ya Ufunuo wa Mungu, mwaka 1965, ulisisitiza Maandiko na Mapokeo vinatoka chemchemi moja, ukaongeza kuwa mamlaka fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Waumini wote wakahimizwa wasome.

Aliyeliweka hilo kwenye udongo kwetu ni Askofu Christopher Mwoleka. Aliongoza jimbo la Rulenge (leo Rulenge-Ngara) kuanzia 1969 hadi 1996. Huyu alihamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akafundisha kuwa Utatu Mtakatifu haukufunuliwa tuupigie hesabu, bali tuige maisha ya kushirikiana. Alikuwa mstari wa mbele katika jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizifanya kipaumbele miaka ya 1970. Familia chache jirani, nyumba ya mtu, Injili inasomwa, kila mtu anasema. Mlokole wa miaka ya 1930 angeingia pale angejiona yuko nyumbani! Tofauti ni kwamba huku walei walipewa Biblia na askofu, kule waliishika wakamgeukia mchungaji.

Halafu ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Walitoka nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko dhehebu lolote, nchi hiyo hiyo iliyozaa uamsho. Kanisa la Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, lilikuwa limegeuzwa machinjio. Walikuwepo waliowaficha majirani zao, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Lakini uaskofu haukuzuia, na Biblia mkononi haikuzuia. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi na udhaifu wa Kanisa na watu wake. Mtu wa Ngara akizungumzia mamlaka ya kanisa bila kukumbuka hilo, anaongea hewani.

Sasa turudi kwa marehemu. Mkatoliki anaweza kujibu imeandikwa: Wamakabayo wa Pili, sura ya 12, sadaka inatolewa kwa ajili ya waliokufa. Ila kitabu hicho kimo katika Biblia ya vitabu 73, hakimo katika ile ya 66. Waanglikana wanaruhusu kivisome kama mafundisho ya mwenendo, si kwa kujenga imani. Kwa hiyo mnajikuta mmerudi pale pale: nani alipanga orodha? Mkatoliki atasema Kanisa. Mprotestanti atasema kanisa lilivitambua tu vitabu ambavyo tayari vilikuwa na mamlaka ya Mungu. Ubishi wa bweni ungekuwa mfupi kama watu wangeanzia hapo.

Na mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, jambo lililowagawa tangu enzi za Luther. Suala la mamlaka lenyewe likabaki.

Linaumiza wapi? Kwenye ndoa. Binti wa Rulenge na kijana wa Murgwanza wakipendana, ubatizo wao wote unatambuliwa, haurudiwi. Lakini sheria ya Kanisa Katoliki inadai kibali, na binti anaahidi kufanya awezalo watoto walelewe Kikatoliki. Kijana naye anajiuliza, kanisa limepata wapi haki ya kuniwekea sharti ambalo sijalisoma popote? Hapo Trento na Worms vimeingia sebuleni kwa wazee, mahari iko mezani.

Maoni yangu: kila upande una mapokeo na kila upande una mtu anayeamua maana ya Maandiko. Wakatoliki wanamtaja kwa cheo, Waprotestanti mara nyingi hawamtaji, lakini yupo. Bora tuulizane yule anayeamua anawajibika kwa nani, na akikosea nani wa kumwambia. Kwa swali hilo walokole wa Gahini na mzee Mwoleka wana la kutufundisha, kila mmoja kwa njia yake.

Haya, naishia hapo, kesho asubuhi kuna tesiti. Wa Ngara na Biharamulo, wasalimieni nyumbani.