Skrubu Iliyogawa Duara
Kabla ya mota ya hatua, yaani mota inayozunguka kwa vipande vidogo vilivyo sawa, kazi ya kugeuza mzunguko kuwa kipimo ilikuwa ya skrubu, na uwezo wake ulidhihirishwa na Jesse Ramsden, fundi wa London, ambaye maelezo ya mashine yake ya kugawa duara kwa ajili ya vyombo vya mabaharia yalichapishwa mwaka 1777. Gurudumu lake lilikuwa na meno 2160, hivyo kila mzunguko wa skrubu ulilisogeza kwa sehemu ya sita ya digrii. Ugumu wote, hata hivyo, ulikuwa katika skrubu yenyewe, kwa kuwa kosa la uzi, yaani mfuo unaoizunguka, huhamia katika kila kinachopimwa nayo. Henry Maudslay, katika mashine yake ya kukereza ya takriban mwaka 1800, aliiunganisha skrubu ya kuongoza na chuma kinachochongwa kwa magurudumu ya meno yanayobadilishwa, akaweza kuchonga nyuzi za vipimo mbalimbali. Anayejiundia mashine nyumbani leo hurudia hesabu ileile: mota ya hatua 200 na skrubu inayosogeza nati milimita 8 kwa mzunguko humpa hatua 25 kwa kila milimita, mradi uzi wenyewe uwe wa kweli.