Tope la Sabaki, Deni la Tana

Mgeni akija Malindi wakati wa mvua lazima aulize: mbona bahari yenu iko rangi ya chai ya maziwa? Jibu ni Sabaki. Huko bara unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, kwetu ni Sabaki, na unashuka na udongo wa watu mpaka baharini.

Tope hilo lina historia. Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 wanasayansi walichapisha walichosoma ndani ya tumbawe moja la Malindi lenye miaka 300. Udongo ulianza kupanda sana mwanzoni mwa karne ya 20, mkoloni alipofungua mashamba makubwa na kuwabana Wakamba kwenye ardhi finyu.

Sasa panda basi la Lamu, shuka Garsen, ucheki Mto Tana. Huko hadithi imegeuka. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988: mabwawa matano, mto mmoja. Stima yake imebeba nchi miaka mingi, hilo sibishi. Lakini maji yakituama, tope linazama hapo hapo. Masinga inajaa udongo, delta inaukosa. Wapokomo wamelima mpunga na ndizi kwa kufuata mafuriko ya kila msimu, na hayo ya kawaida ndiyo yaliyopungua. Makubwa hayakuzuilika: 1997 na 2024 Tana ilifurika vilevile. Chuo niliacha, lakini hesabu hii naiweza: faida imeenda na waya, hasara imeshuka na maji.

Kwa nini nawaambia haya, wanangu? Kwa sababu Athi nao umepata bwawa lake, Thwake, kule Makueni. Watu wa huko wana kiu, maji ni haki yao. Na kuna wenzetu hapa wanashangilia eti bahari itakuwa safi. Polepole. Tope likizidi linaua matumbawe, kweli. Likikatwa sana, mikoko, kamba na ufuo wa mdomo wa Sabaki vitakula nini?

Kwa hivyo MCA akija kuomba kura, muulize: maji kiasi gani yataachiliwa yatufikie, na miezi gani? Tana hesabu ilikuja simiti ikishakauka. Sisi tuulize sasa.