Genoa na Sampdoria: Watani Wanaolala Nyumba Moja

Krismasi ya mwaka 1990, mashabiki wa Sampdoria mjini Genoa walipokea kadi ambazo hawakuzitaka. Zilikuwa na picha ya Branco, beki Mbrazili wa klabu jirani ya Genoa, na mpira wa adhabu uliowazamisha 2-1 tarehe 25 Novemba. Msimu huohuo Sampdoria ya washambuliaji Vialli na Mancini ilitwaa ubingwa wa Italia, wa kwanza na wa pekee hadi leo. Genoa ilimaliza ya nne. Lakini shabiki wa Genoa akikumbuka msimu ule, husimulia bao la Branco kwanza, na ubingwa wa jirani haumnyimi usingizi.

Genoa iliasisiwa na Waingereza mwaka 1893, na kufikia 1924 ilikuwa imebeba ubingwa mara 9. Haijabeba tena. Sampdoria ilizaliwa 1946 kwa muungano wa Sampierdarenese na Andrea Doria: rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi za klabu ya kwanza zikapita kifuani, juu ya bluu ya klabu ya pili. Tarehe 3 Novemba mwaka huo, mtoto aliyezaliwa juzi akamchapa mkubwa wake 3-0. Kilichomuuma mkubwa zaidi ni kwamba kipigo hicho alikipata palepale nyumbani. Uwanja wa Luigi Ferraris, uliofunguliwa 1911 mtaa wa Marassi, ulikuwa wake, na tangu hapo wanautumia wote wawili.

Jukwaa la kaskazini ni la Genoa, la kusini ni la Sampdoria. Huko kusini, mwaka 1969, vijana waliunda kundi la Ultras Tito Cucchiaroni, kwa jina la winga Mwargentina aliyewahi kuichezea timu yao. Ni miongoni mwa makundi ya kwanza Italia kujiita ultras, yaani mashabiki wa kufa na kupona. Siku ya dabi huteremshwa vitambaa vilivyochorwa vya kufunika jukwaa zima, na kila upande huandika bango la kumjibu mwenzake. Mimi naamini hapo ndipo utamu wa soka la Italia ulipo. Lakini damu nayo imemwagika: Januari 1995 kijana shabiki wa Genoa alichomwa kisu akafa nje ya uwanja huu, kabla ya mechi na Milan, na Jumapili iliyofuata michezo ilisimama Italia nzima. Huo si utani, na hakuna wimbo wa jukwaani unaoweza kuisafisha damu hiyo.

Utani wenyewe ni kama wa Mei 2011. Mshambuliaji Boselli aliifungia Genoa bao la ushindi dakika za nyongeza, Sampdoria ikashuka daraja, na maelfu wakaifanyia mazishi barabarani, jeneza na yote. Aprili 2022 deni likalipwa. Sampdoria ikiongoza 1-0, nahodha wa Genoa, Criscito, alipewa penalti dakika ya 96. Kipa Audero akaidaka. Genoa ikashuka. Mwaka uliofuata wakapishana njiani, Genoa ikipanda na Sampdoria ikiteremka.