Historia ya Mashimo: Na Watoto kutoka Old Shinyanga hadi Geita

Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zinapotaka kuwaonyesha watoto historia hufunga safari ya Bagamoyo, Kilwa au Mji Mkongwe. Ni safari njema. Ninachokipinga ni dhana inayoambatana nayo, kwamba huku kwetu hakuna cha kuona zaidi ya mbuga, ng'ombe na machimbo. Historia ya Shinyanga na Geita ni ndefu, ila haikujengwa kwa mawe ya matumbawe. Imebaki kwenye mashimo, kwenye pori lililofyekwa na kuoteshwa upya, na kwenye mji uliohama. Na kwa kuwa dhahabu bado inachimbwa palepale ilipochimbwa zamani, sehemu ya historia hiyo inapakiwa kwenye malori kila siku.

Anzeni Old Shinyanga. Kabla ya reli ya Tabora kukamilika hadi Mwanza mwaka 1928, hapa ndipo yalipokuwa makao ya serikali. Treni ilipoanza kupita, mji ukasogea kwenye stesheni. Old Shinyanga ikabaki na kazi nyingine kubwa: utafiti wa mbung'o, ulioongozwa na Charles Swynnerton. Katika miaka ya 1920 maelfu ya wananchi waliitwa kupitia watemi wao kufyeka na kuchoma pori ili mbung'o wakose kivuli cha kuzalia. Mbung'o wakarudi nyuma, mifugo ikaongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, na kufikia miaka ya 1980 nchi ilikuwa uwanda mtupu unaovuma vumbi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wilaya zilezile zilizoombwa kufyeka zikaombwa kuotesha.

Kilichofanikisha kazi hiyo kilikuwa tayari mikononi mwa Wasukuma, yaani ngitili: eneo la malisho linalofungwa masika yote, likaachwa lisitawi, kisha likafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Kufikia 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Mpelekeni mtoto asimame kwenye mpaka wa ngitili mwezi Septemba, upande mmoja udongo mtupu, upande mwingine nyasi zinazomfika kiunoni na migunga iliyoshikana. Kwangu mimi hilo ni eneo la kihistoria sawa na gofu lolote, maana uamuzi wa watu unaonekana kwa macho. Asalimie kwanza, “Mwangaluka, guku,” ndipo amuulize mzee kwa nini walikata na kwa nini walipanda.

Maganzo, kwenye barabara ya Mwanza, ndipo mnapochepuka kwenda Mwadui. Ni eneo la mgodi, huingii bila kibali, kwa hiyo ombeni mapema. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapa mwaka 1940. Mwamba wenyewe umetanda takriban hekta 146, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani ya aina yake. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, Williamson akalitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, malkia mtarajiwa wa Uingereza. Lilipokatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bizimu yenye umbo la ua iliyotengenezwa na Cartier. Watoto hupenda sana kisa hicho. Wasimulieni pia cha Novemba 2022, bwawa la mabaki ya mgodi lilipobomoka na tope likafunika mashamba na nyumba za majirani, kwa sababu nacho ni historia ya Mwadui.

Baada ya Kahama, fuateni barabara iendayo Rwanda, kupitia Masumbwe hadi Ushirombo. Misheni ya Ushirombo ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1891, na ni miongoni mwa misheni kongwe za magharibi mwa Tanzania. Lakini nikiwa na watoto humo njiani huwasimulia zaidi habari za Wasumbwa, wenyeji wa huko. Karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikivuka Ziwa Tanganyika kufuata shaba ya Katanga. Mmoja wa waliotoka katika ukoo wa wafanyabiashara hao, Msiri, akabaki hukohuko, akajenga dola lenye makao Bunkeya, na wafuasi wake wakajulikana kama Wayeke. Aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mtoto anayedhani biashara ya madini ililetwa huku na wageni afikirie hilo.

Afikirie na Warongo. Hao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika nchi ya Uzinza, inayojumuisha sehemu kubwa ya Geita ya leo. Majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani, yakalimia na yakalipia mahari.

Geita yenyewe haina haja ya kutafutwa. Wajerumani waliona dhahabu hapa mwaka 1898, na mgodi wa kikoloni ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki kwa wakati wake. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000 katika milima ileile. Kwa wachimbaji wadogo, nendeni Rwamagasa au Nyarugusu. Mtasikia karasha kabla hamjaziona: mapipa ya chuma yanayozunguka yakiwa na gololi nzito ndani, na wasagaji waliofunikwa na unga wa mawe mpaka kope. Unga huo hupelekwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, kuchenjuliwa kwa zebaki inayonasa dhahabu. Hapo mshikeni mtoto mkono, kwa sababu zebaki ni sumu na wengi huikoroga kwenye karai kwa mikono mitupu. Mkipita Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu, mtakutana na watu wanaokumbuka Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa. Simulizi zao zina uchungu na ubishi, na watoto wakubwa wanaweza kuzisikia.

Ninaloliombea haraka ni moja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa, leo amegonga 80. Simu ya mtoto ina kinasa sauti. Aulize makambi yaliitwaje, posho ilikuwa nini, nani alitoka mbali na alifika kwa njia gani, taa za chini zilikuwa za aina gani, na siku mgodi ulipofungwa watu walikwenda wapi. Kisha aandike jina la mzee, kijiji na tarehe.