Askofu, Kaisari, na Mamlaka ya Kiroho

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalosumbua makanisa mengi, nalo ni mamlaka ya kiroho. Ni nani aliye nayo? Amepewa kwa kazi gani? Nasi tutajuaje kwamba anenaye kwa jina la Mungu ananena kweli kwa jina lake, wala si kwa faida ya nafsi yake au ya kundi lake? Ili tulijibu swali hili, twendeni mbali kidogo, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, mpaka mji wa Milan katika nchi ya Italia.

Katika mwaka 374 askofu wa mji huo alifariki, na watu wakagombana sana juu ya atakayemfuata. Liwali wa jimbo, jina lake Ambrose, alikwenda kanisani kutuliza fujo. Hakuwa kasisi. Hata ubatizo alikuwa hajaupata bado. Lakini makutano walipaza sauti wakimtaka yeye. Alijaribu kukataa, asiweze. Akabatizwa, na baada ya siku chache tu akawekwa wakfu kuwa askofu. Basi huyu alikuwa mtu aliyezijua nguvu za serikali kabla ya kuujua utumishi wa kanisa.

Miaka 14 baadaye Kaisari Theodosius alikuja kukaa Milan. Alikuwa Mkristo, naye alisali katika kanisa la Ambrose. Hapo ndipo twaona mambo mawili, na yote mawili yatufaa.

Jambo linalosimuliwa zaidi ni lile la mwaka 390. Katika mji wa Thesalonike, ule ule ambao Mtume Paulo aliliandikia kanisa lake nyaraka mbili, kamanda wa jeshi aliyeitwa Butheric alimfunga gerezani mwendesha magari ya mashindano aliyependwa sana na watu. Watu wakakasirika, wakamwua kamanda. Kaisari naye akawaka hasira, akatoa amri ya kulipiza kisasi. Baadaye alijuta, akataka kuitangua, lakini alikuwa amechelewa. Askari waliwaua watu wa mji, wenye hatia na wasio na hatia. Theodoret, mwandishi wa historia wa karne iliyofuata, ataja watu 7,000.

Ambrose alifanya nini? Wachoraji wamemwonyesha akisimama mlangoni mwa kanisa, mkono umeinuliwa, akimzuia Kaisari mbele ya watu wote. Picha hiyo yapendeza macho, lakini barua ya Ambrose mwenyewe, ambayo tunayo hata leo, yaonyesha njia nyingine. Alitoka mjini ili asikutane na Kaisari. Kisha akaandika kwa mkono wake mwenyewe, barua ya siri, isomwe na Kaisari peke yake. Alimkumbusha habari za Mfalme Daudi aliyekubali kukemewa na nabii Nathani. Alimwambia kwamba hangeweza kuadhimisha Meza ya Bwana mbele yake mpaka atubu. Naye Kaisari, mwenye majeshi ya dola nzima, alivua mavazi yake ya kifalme, akalia kanisani, akaomba msamaha wa dhambi yake.

Ndugu msikilizaji, sisi wachungaji twapenda sana kuisimulia habari hiyo. Yatutia nguvu. Lakini iko habari nyingine ambayo twaipita haraka, nayo ilitangulia kwa miaka miwili tu.

Katika mwaka 388, huko Callinicum kando ya mto Frati, mahali ambapo leo ni mji wa Raqqa katika nchi ya Siria, Wakristo waliichoma sinagogi ya Wayahudi, na askofu wao ndiye aliyelaumiwa kwa kuwachochea. Kaisari Theodosius aliamuru askofu huyo aijenge upya kwa gharama yake. Hukumu ya haki kabisa! Lakini Ambrose aliipinga. Alimwandikia Kaisari, kisha akahubiri juu ya jambo hilo mbele yake na mbele ya kusanyiko. Alipomaliza alikataa kwenda madhabahuni mpaka Kaisari aahidi kuiacha kesi hiyo. Kaisari akaahidi. Waliochomewa nyumba yao ya sala wakakosa mtetezi.

Twaona basi: askofu ni yule yule, Kaisari ni yule yule, madhabahu ni ile ile. Mara moja mamlaka ilitumika kuwalilia waliouawa, na mara nyingine ilitumika kuwafichia makosa watu wa nyumbani. Kwa hiyo cheo pekee hakitoshi kutuonyesha kwamba sauti tunayoisikia ni ya Mungu. Hata ushujaa hautoshi, maana Ambrose alikuwa shujaa mara zote mbili.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu wa kale tu. Katika mtaa mmoja tuliouhudumia, vijana wa kwaya yetu walivunja mlango wa duka la jirani Mwislamu baada ya ugomvi wa mpira. Chifu alitaka wazazi walipe. Nasi tulivaa kola yetu nyeupe, tukaenda ofisini kwake, tukamwomba mambo yaishe. Chifu alituheshimu, na mambo yakaisha. Mwenye duka akanunua mbao kwa fedha zake mwenyewe. Jumapili, baada ya ibada, mama mmoja mzee alitushika mkono pale mlangoni, akauliza kwa upole, "Pasta, ule mlango umetengenezwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda dukani pamoja na wazazi, tukaomba radhi, tukalipa. Lakini swali lilibaki nasi: siku ile, kati yetu na yule mama asiye na kola, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kiroho?

Paulo awaandikia Wakorintho kwamba Bwana alimpa mamlaka ili awajenge, si ili awabomoe. Hicho ndicho kipimo. Mtu akinena nawe kwa jina la Mungu, mwulize yule mama angeuliza nini. Neno hili lamtetea nani, asiye na mtetezi au rafiki zetu? Lanijia kwa siri ili nipone, au mbele ya watu ili niaibike? Lanifungulia mlango wa toba, au lafunika kosa tu? Nasi tulio wachungaji yatupasa kujiuliza hayo kwanza, kabla hatujapanda mimbarini. Bwana wetu alisema kwamba wakuu wa mataifa huwatawala watu kwa nguvu, lakini kwetu sisi isiwe hivyo. Naye aliyesema hivyo aliwaosha wanafunzi wake miguu.

Wala usiseme, "Mimi si kasisi, hayo hayanihusu." Baba ana mamlaka nyumbani, mama ana mamlaka kwa watoto, mwalimu darasani, mzee barazani. Je, katika mtaa wako, kuna mlango uliovunjwa na watu wetu ambao haujatengenezwa?

Tuombe. Ee Bwana, uliye mkuu kuliko wote na ukawa mtumishi wa wote, utufundishe kukemea kwa upendo na kukemewa kwa unyenyekevu. Utusamehe tulipoitumia kola, cheo au umri kuwafichia makosa watu wetu. Utupe ujasiri wa kwenda kulipa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.