Watoto wa Kamina na Misa Luba

Wazazi wengi huuliza tuwashughulishe vijana kwa kazi gani, maana masomo yakiisha mchana, siku ingali ndefu na barabara inaita. Mpira wa miguu ni jambo jema, hatuupingi. Lakini katika inchi ya Katanga lilipatikana zamani jibu jingine, nalo ni wimbo. Tuangalie namna lilivyokuja.

Pale Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, Dom Anschaire Lamoral, mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto, alianzisha kwaya ya watoto mwaka 1937. Huko Paris ilikuwapo tangu 1907 kwaya ya watoto wenye msalaba wa mti kifuani. Wale wa Elisabethville wakapewa msalaba wa shaba: na shaba ndiyo mali ya inchi ile! Katika mji huohuo alifundisha na kutunga nyimbo Joseph Kiwele, ambaye mwaka 1960 akawa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga.

Huko Kamina mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kamina ni mji wa reli, katika inchi ya Waluba. Mwaka 1954 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya pale wanafunzi wapata 45, wenye miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapata 15. Palikuwa na ngoma, na kyondo, yaani mgogo uliochimbwa ndani ambao Waluba huupiga kwa vijiti.

Padri yule angeweza kuwafundisha nyimbo za kwao Ulaya tu. Wengi walifanya hivyo, na watoto wakaimba vizuri, halafu nje ya mlango wakaimba vingine. Yeye aliwauliza wanazo nyimbo gani. Kwa hiyo maneno ya Misa yakabaki ya Kilatini, lakini sauti zikatoka nyumbani: kasala, ambayo ni wimbo wa kuomboleza na kusifu jamaa; mwendo wa ngoma za Kasai; na wimbo wa Waluba wa kuagana, ambao juu yake uliwekwa Sanctus. Tufikiri kidogo juu ya hilo. Wimbo ambao mtu alimwimbia ndugu yake anayeondoka, watoto walimwimbia Mungu anayekuja altareni! Hakuna mgeni angeweza kubuni jambo hilo peke yake. Lazima liwepo kinywani mwa watu kwanza.

Wala halikuandikwa kwa noti. Waimbaji walipatana juu ya mwendo na mpango wa sauti, kisha kila mara walijaza wenyewe, na mwalimu Joachim Ngoi, mwenye sauti ya juu, akiongoza mbele na watoto wakimjibu. Misa hiyo, Misa Luba, iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 mwezi wa tatu 1958.

Mwaka uleule wakasafiri mpaka Ulaya, wakaimba katika Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba pia Bruxelles kwenye Maonyesho makubwa ya Ulimwengu. Katika maonyesho yaleyale kilijengwa kijiji cha Wakongo, nao wafundi waliokaa humo walitazamwa kama wanyama katika boma, hata watazamaji wengine wakawatupia ndizi. Wakakasirika, wakaondoka kabla maonyesho hayajafungwa. Upande mmoja watu wanatazamwa na kuchekwa. Upande mwingine watoto wa inchi ileile wanasimama, nao wasikilizaji wananyamaza. Tofauti hiyo hatukuiona ndogo.

Sahani ya gramafoni ilitolewa, ikaenea duniani. Sanctus ile ikaingia hata katika sinema ya Kiingereza, If...., ya mwaka 1968. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikaimba Misa nzima upya.

Lakini hapa tuna neno la kusema. Jina lililobaki kwenye karatasi ni la Padri Haazen. Hatumnyimi heshima, bila yeye kwaya isingekuwapo. Ila kazi ilitungwa na watu wengi wakisikilizana, na wengi wao walikuwa watoto, ambao majina yao leo yanajulikana na wachache tu. Anayeanzisha chama cha vijana parokiani, cha nyimbo, cha mchezo wa kuigiza au cha ngoma, achukue daftari siku ya kwanza, aandike jina la kila mmoja na kitu alichokileta: huyu wimbo wa bibi yake, yule mapigo ya kyondo aliyoyapata kwa baba mdogo.