Kidatu: Reli Mbili Zinapokutana

Pima kwa macho nafasi kati ya vyuma vya kila njia. Ile ya kutoka Kilosa kupitia Mikumi ina milimita 1,000. Ya TAZARA ina 1,067. Tofauti haifiki vidole vinne, lakini behewa la huku haliwezi kukanyaga kule.

Tawi la Kilosa lilijengwa katika miaka ya 1960 kutoka Reli ya Kati, bonde la Kilombero lilipoanza kulimwa miwa kwa ajili ya kiwanda cha sukari. TAZARA, yenye mataruma ya zege, ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975. Inatoka Dar es Salaam, inapita hapa, Ifakara na Mlimba, hadi Kapiri Mposhi, Zambia: kilomita 1,860.

Mwaka 1998 kilianzishwa hapa kituo cha kuhamishia mizigo. Shehena ya Zambia ikaweza kwenda Mwanza bila kuzungukia Dar es Salaam, mradi ihamishwe behewa hadi behewa, kazi ya jasho kweli kweli. Tangu hapo malori yamechukua sehemu kubwa ya mizigo.

Usivuke reli. Treni za TAZARA bado zinapita.